Penseli Kwenye Shingo ya Gitaa

Edson, muuza vyombo vya muziki vya mtumba pale Nyasubi mjini Kahama, alishaona wateja wa kila namna, lakini hakuwahi kumwona mteja anayepima gitaa kwa futi ya fundi cherehani. Nyamizi aliivua futi yake shingoni, mahali inapokaa tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala, akaivuta juu ya gitaa jekundu lililoning'inia ukutani, akasonya.

"Hili refu."

"Mama, hilo ndilo dogo kuliko yote humu ndani," Edson akasema. "Hebu litazame kiwiliwili chake. Hata mtoto wa chekechea analibeba."

"Mimi sinunui kiwiliwili, baba. Nanunua urefu wa nyuzi."

Hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Mtu mwenye mikono midogo akitafuta gitaa la umeme la kumfaa, macho yake yanakimbilia kwenye tumbo la gitaa. Lakini nani anapiga gitaa kwa kulishika tumbo? Mkono unashika shingo, na vidole vinatembea juu ya vile vyuma vilivyopandwa shingoni, na nafasi kati ya chuma na chuma inategemea uzi umeanzia wapi na umeishia wapi. Uzi ukiwa mfupi, vyuma vinasogeleana, na kidole kidogo kinafika. Nyamizi alijifunza hayo kwa hasara. Mwaka uliopita aliagiza gitaa kwa simu kutoka Geita, kwa mtu aliyeapa kuwa ni la saizi ya watoto. Likaja kwa basi ndani ya gunia lililowahi kubeba dagaa, tumbo lake kweli dogo, shingo yake ndefu vilevile kama ya gitaa la kawaida. Aliligawa kwa vijana wa kanisani kwao, na chumba cha cherehani kikanuka dagaa kwa muda mrefu.

Nyamizi, ambaye mtaani wanamwita Mama Violeth, ana miaka sitini na ushee, na ukiuweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa mjukuu wake wa darasa la sita, huoni tofauti. Alizaliwa na mikono hiyo, akakua, mikono ikakataa kukua. Kwao ni Maganzo, jirani na Mwadui, na baba yake, mzee Mageni, alikuwa mchimbaji wa almasi wa kutumia sululu na chekeche. Alikuwa akimkalisha bintiye mbele ya lundo la changarawe iliyooshwa, kwa sababu vidole vile viliweza kuokota kijiwe kidogo kuliko punje ya mtama. Mzee alipenda kusema Mungu hakukosea, mikono ile imeumbwa kwa ajili ya almasi. Almasi yenyewe ndiyo haikuisikia habari hiyo.

Kisha mama yake akafariki, na Nyamizi, msichana wa miaka kumi na mitano, akaacha kuzungumza. Hakuwa bubu. Ukimuuliza jambo alijibu, lakini jibu lake lilikuwa fupi kiasi kwamba ulijuta kumuuliza. Ndugu walijaribu dawa za kienyeji, wakajaribu maombi, mwishowe shangazi yake akamshika mkono na kumpeleka kwenye kwaya. Alisema walau huko atakaa na watu wanaofungua midomo.

Kwaya ile ilikuwa chini ya mwalimu Eustace, mtu wa Bukoba, mwembamba, mwalimu wa shule ya msingi aliyevaa shati jeupe hata siku ya kulima. Walikuwa na magitaa matatu ya umeme, solo, ridhimu na besi, na amplifaya iliyokula betri ya lori. Betri ikiisha nguvu, ilifungwa kwenye kariea ya baiskeli ikapelekwa Mwadui kuchajiwa, na mazoezi yalisubiri irudi. Wale waliokuwapo wanaikumbuka sauti ya magitaa hayo mpaka leo. Ilikuwa ikikwaruza kidogo, ikitetemeka pale betri inapochoka, na mtu aliyeizoea hawezi kuridhika na hizi sauti safi za siku hizi.

Eustace alimwona yule binti mkimya akitazama vidole vya mpiga ridhimu badala ya kutazama kitabu cha nyimbo. Siku moja akamvika gitaa. Mkanda ulimfika magotini, vijana wakacheka. Akajaribu kunyoosha vidole kwenye visanduku vya mwanzo wa shingo, yaani zile nafasi kati ya chuma na chuma, ambako vyuma vimeachana sana, vidole vikaishia njiani. Mabula, mpiga besi, akasema kwa sauti, "Mpeni manyanga huyo." Wakacheka tena.

Eustace hakuwakemea. Alitoa penseli kwenye mfuko wa shati, akachana ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, akailaza penseli juu ya nyuzi zote, kisanduku cha tatu, akaikaza kwa ule mpira mpaka ikabana kabisa. Kuanzia pale, gitaa likawa fupi.

"Mkono wako ndio huo, hautakua hata tukifunga na kuomba," akamwambia. "Basi tulipunguze gitaa."

Nyamizi akajaribu tena. Vidole vikafika. Akapiga, sauti ikatoka kwenye amplifaya, na yule binti aliyekuwa hasemi akacheka, kicheko cha sauti, mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hakupiga gitaa lisilo na penseli. Penseli ilipochakaa alibadilisha, tyubu ilipokatika alifunga nyingine, lakini penseli ilikuwa sehemu ya gitaa kama nyuzi zilivyo.

Mwaka huohuo Eustace alitunga wimbo wa mwanamke aliyepoteza shilingi yake, akawasha taa, akafagia nyumba nzima akiitafuta. Mahali pengine wimbo kama huo ungehitaji mahubiri ya kuufafanua. Maganzo haukuhitaji. Pale kila mtu alikuwa ameamka asubuhi kwenda kutafuta kitu kidogo ndani ya udongo mwingi. Nyamizi alianzisha na gitaa, kisha Aneth akaingia na sauti.

Aneth alikuwa jirani yao, amemzidi Nyamizi miaka mitatu, mrefu, mcheshi, na sauti yake ilipanda bila kuonyesha kuwa inapanda. Palikuwa na mahali ambapo yule mwanamke anaiona shilingi yake, na Aneth aliimba, "Nimeiona, jirani, nimeiona." Neno hilo la mwisho lilipanda juu mpaka wachimbaji waliokuwa wakipita na masepeto begani wakasimama dirishani na kuvua kofia, wengine wakiwa na pombe kichwani. Kwaya ilizunguka na wimbo huo Kahama, Geita, Shinyanga mjini, nyuma ya lori, sare zao za kijani zikigeuka kahawia kwa vumbi kabla hawajafika. Walilala kwenye madarasa, wakala ugali wa watu wasiowajua, wakarudi wakiimba njia nzima. Nyamizi hajawahi kuwa na furaha kama ile, na hakuona sababu ya kumficha jambo hilo hata mumewe alipokuwa hai.

Ndoa ndiyo iliyompeleka Kahama. Kwaya ikasambaratika polepole, wengine wakafuata dhahabu, wengine wakafuata waume. Gitaa la ridhimu akapewa yeye, lenye penseli yake, likaning'inia chini ya bati la chumba cha cherehani miaka yote hiyo.

Halafu Eustace akafariki. Waliobaki wakakusanyika msibani Maganzo, wakauimba ule wimbo kaburini, Nyamizi akipiga gitaa lake lenye penseli, na Aneth alipofika kwenye "nimeiona" sauti ikamkatikia. Haikupungua. Ilikatika kabisa, ikatoa mlio ambao hata yeye hakuutambua. Vijana fulani walikuwa wanarekodi kwa simu, na baada ya siku chache mlio ule ulikuwa unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, umewekewa vikatuni vya kucheka. Masele, mtoto wa Aneth, aliuona akiwa kazini Geita. Tangu hapo Aneth alikaa benchi la nyuma kanisani na kufunga mdomo. Hakuimba hata akitwanga.

Sasa kanisa jipya la Maganzo lilikuwa limekwisha kuezekwa, na wazee walitaka siku ya kulifungua waimbaji wa zamani waimbe wimbo mmoja tu, ule wa taa. Aneth akawajibu, "Mtafuteni mwingine." Nyamizi akapiga simu, akabembeleza, akagomba, akakata simu kwa hasira, akapiga tena. Jibu likawa lilelile. Habari ya wimbo ule kuimbwa na mtu mwingine Nyamizi hakutaka hata kuisikia. Alitaka jambo moja, Aneth aimbe tena wakiwa hai wote wawili. Akajiambia kuwa akitokea mlangoni kwake na gitaa, vidole vikiwa vyepesi, rafiki yake ataona aibu kumkatalia.

Tatizo lilikuwa gitaa lenyewe. Tangu msiba ule joto la bati lilikuwa limeipinda shingo, nyuzi zimenyanyuka, na vidole vyake vilivyokakamaa kwa mkasi na baridi yabisi havikuweza tena kuzibana. Kwa hiyo alifanya anachofanya fundi. Alipima. Aliweka futi kwenye penseli, akaivuta mpaka kwenye kile chuma kinachoshikilia nyuzi huku chini, akakariri kipimo. Huo ndio urefu ambao mkono wake uliufahamu. Akaenda Nyasubi kutafuta gitaa lenye urefu huo tangu mwanzo wake.

"Lipo moja huko nyuma," Edson akasema mwishowe, "lakini hilo ni kubwa, na kitasa chake kimoja cha kuongezea sauti kimepotea."

Akalitoa. Rangi ya maziwa iliyofifia, tumbo pana, vumbi la kontena bado lipo. Nyamizi akavuta futi juu ya nyuzi, na uso wake wote ukabadilika. Kisha akaukaza tena haraka, maana muuzaji akikuona umefurahi, umekwisha. Akafumba jicho moja na kutazama shingo kwa urefu wake kama anatazama mshono, akaiona imenyooka. Akabana kila uzi nyuma ya kila chuma, akisikiliza kama upo unaozomea. Akaomba waya, akachomeka kwenye amplifaya, akagonga kwa ufunguo zile sumaku zinazonasa sauti, moja baada ya nyingine, zote zikaitika. Alipozungusha kitasa kilichobaki kikakwaruza.

"Hilo ni vumbi tu," Edson akawahi kusema.

"Najua ni vumbi. Lakini ni vumbi lako."

"Mchagua jembe si mkulima, mama."

"Mimi si mkulima, mimi ni fundi cherehani."

Wakavutana mpaka wakapatana, na suruali mbili za Edson za kupunguzwa zikaingia kwenye mapatano.

Jioni ile, nyumbani, Nyamizi alifanya jambo ambalo mpiga gitaa mwingine angeshangaa, lakini fundi yeyote analielewa. Alilishusha gitaa la zamani, akaifungua penseli na mpira wake uliokauka, akavihamishia kwenye gitaa jipya, kisanduku cha tatu. Yaani gitaa lililonunuliwa kwa kipimo kilichokwisha kupunguzwa, likapunguzwa tena. Vidole vikabanana, kimoja kikamkanyaga mwenzake. Akailaumu baridi yabisi. Bila penseli sauti ingekaa chini, na kwake wimbo wa Eustace haukai chini. Mazoea yana taabu, na mazoea uliyofungiwa na marehemu ndiyo magumu kuliko yote.

Akapanda basi la Shinyanga, akaunganisha la Mwanza, akashuka Maganzo jua likiwa bado la asubuhi, gitaa limefungwa kwenye kitenge na amplifaya ndogo ya betri mkononi. Aneth alikuwa uani anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya magunia.

"Mwangaluka, Mama Masele."

"Mwangaluka, mayu." Aneth akaitikia salamu hiyo ya Kisukuma, akanyanyua macho, akakiona kitenge na umbo lililomo ndani. "Umekuja na mtu?"

"Nimekuja na gitaa."

"Basi mmekaribishwa wote. Chai ipo. Kuimba hakuna."

Wakanywa chai. Wakaulizana habari za watoto, mvua, miguu inayouma. Wakamtaja Mabula wa besi, ambaye siku hizi ana kisukari na bado ana mdomo. Nyamizi akalifungua gitaa bila kuomba ruhusa, akaliweka pajani, akapiga mwanzo wa ule wimbo. Aneth akaacha kupanga michembe. Midomo yake ikasogea. Ubeti wa kwanza akauguna, wa pili akautamka, na Nyamizi akainamisha kichwa ili asimtazame usoni. Walipoikaribia ngazi ya "nimeiona" Aneth akanyamaza ghafla.

"Siwezi, Nyamizi. Nikifika pale mlango unafungwa."

"Jaribu mara moja."

"Nilijaribu mara moja. Nchi nzima ilinicheka."

Nyamizi akataka kuanza tena, akakaza vidole, na ule mpira wa tyubu, uliokauka kwa miaka, ukakatika. Penseli ikaruka na kuangukia kwenye michembe. Akaweka gitaa chini haraka.

"Una tyubu ya baiskeli? Hata kipande."

"Acha."

"Nifunge upya, Aneth. Dakika moja tu."

"Nimesema acha. Piga hivyohivyo."

"Hautakuwa ule wimbo."

"Piga."

Akapiga. Na vidole vikafika, bila kubanana, bila kukanyagana, kila kimoja kikiwa na nafasi yake mwanzoni kabisa mwa shingo, kule ambako hakuwahi kufika tangu azaliwe. Wimbo ukatoka chini, mzito, wa taratibu. Nyamizi alitaka kuacha kupiga kwa kuona ugeni, lakini Aneth alikuwa amekwisha kuingia. Sauti yake haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa pana na ina ukwaruzo kidogo, kama ya ile amplifaya yao. Akaimba ubeti wa kwanza, wa pili, akaipanda ile ngazi, akafika, "Nimeiona, jirani, nimeiona," akakaa juu ya lile neno mpaka alipotaka mwenyewe kushuka.

Kuku akadonoa mchembe mmoja, na hakuna aliyemfukuza.

"Hapa ndipo wimbo huu ulipozaliwa," Aneth akasema.

"Wapi?"

"Hapa chini, kwenye sauti hii. Mwalimu aliutunga hapa, na mimi ndiye niliyeuimba wa kwanza, wiki nzima kabla hujapewa. Kisha akaniita pembeni, pale kwenye betri. Akasema, yule mtoto hawezi kupiga bila penseli, na penseli inaupandisha wimbo. Ama nimpe mwingine gitaa, ama wewe upande. Utaweza? Nikamwambia nitapanda."

Nyamizi alitazama vidole vyake vilivyokuwa bado juu ya nyuzi.

"Ulikuwa umecheka siku ile," Aneth akaendelea. "Tangu mama yako atutoke hakuna mtu aliyekusikia ukicheka. Ningekataaje?"

"Na msibani kwa mwalimu? Mbona hukuniambia nishushe? Ulikubali wakucheke, Aneth."

"Ningekuambia ushushe, ungeitoa penseli, mkono usingefika, ungelining'iniza gitaa moja kwa moja. Nakujua. Mmoja wetu ilibidi anyamaze, nikaona ninyamaze mimi. Wewe ulishawahi kunyamaza, haikukufaa."

Nyamizi akalia. Alilia kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili ya mwalimu na shati lake jeupe, lakini zaidi kwa ajili ya koo la rafiki yake, ambalo miaka yote hiyo lilikuwa linabeba mkono wake na yeye akidhani ni wepesi wa kuzaliwa. Aneth alimwacha alie. Aliinama kwenye michembe, akaiokota penseli, akaipangusa kwenye kitenge, akaichomeka kwenye kilemba chake juu ya sikio.

"Hii nabaki nayo," akasema. "Jumapili ya ufunguzi nitaivaa hivihivi, waulizane. Haya, anza tena, na usikimbie."

Nyamizi akajifuta uso kwa kiganja, akaanza tena bila penseli. Alikosea mara mbili kwa sababu ya machozi, na safari hii hakuna aliyemcheka.